Mmarekani wa Kuongolewa Jumanne

Jumanne, 1 Julai 2025

Daktari wa mjini amenipima tena. Amesema moyo umechoka, kisha akasema nile chochote ninachopenda. Daktari akikuruhusu chumvi, elewa. Nimerudi nyumbani nikaagiza loshoro, mahindi laini ya maziwa mgando, bakuli la pili likafuata la kwanza. Sina huzuni. Nina miaka themanini na minne, nina meno ya kutosha maziwa mgando, nina mke anayenisema kila siku. Ila mtu anayekaribia kuondoka lazima aseme ukweli mahali fulani. Nimechagua hapa. Karatasi haijibu.

Basi ukweli ni huu: jana niliropoka.

Ilikuwa buchani, kwenye benchi la supu, ambako nimekuwa nikibishana na Efraimu tangu nistaafu ualimu. Efraimu ni jirani yangu, ni mzee wa kanisa, na ni mtaalamu wa Amerika ingawa hajawahi kuvuka Dodoma. Tunabishana siasa za Amerika kwa sababu hazina hatari. Hakuna mjumbe wa nyumba kumi wa Amerika anayepita pale na masikio yake.

Efraimu alisema Amerika ni taifa la Mungu, hata kwenye noti zao ametajwa. Nikasema katiba yao inaikataza serikali kuwa na dini, na vijana wengi huko siku hizi hawana kanisa wala hawalitafuti. Na bado wanalipa kodi, wanamsaidia jirani kuondoa theluji mlangoni, na wakifa wanaliliwa kama watu. Efraimu akauliza, mimi je, niko upande gani? Vichwa vikainuka kutoka kwenye supu. Nikajibu kwamba kwa jinsi hoja zilivyo, niko na wasioamini.

Nilikuwa nashinda! Nani anasimama njiani akiwa anashinda?

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Elinaza, mke wangu, alinipokea mlangoni akauliza kama wapagani wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Alhamisi, 3 Julai

Efraimu amekuja. Koti la Jumapili, siku ya Alhamisi. Nikajua si salamu.

Alikataa kiti kwanza, kisha akakikubali. Akasema baraza la wazee wa kanisa limekaa. Limeona kwamba tangu Pasaka sijafika Meza ya Bwana. Nikamweleza ni magoti. Ile ngazi ya madhabahuni imejengwa na mtu mwenye umri wa miaka ishirini. Akasema magoti wangeyaelewa, lakini magoti pamoja na maneno ya buchani ni jambo lingine. Kwa sasa nahesabiwa nje ya kundi. Na nikifa nikiwa nje, utaratibu naujua: hakuna kengele, hakuna mchungaji, hakuna matarumbeta.

Hakuna matarumbeta!

Hapa naungama kabisa. Mbingu sina uhakika nayo kila siku. Siku za jua ninayo, siku za ukungu inapotea kama kilele cha Meru. Lakini matarumbeta nayataka. Nataka yanitoe nyumbani, yapite nami kati ya migomba, lile kubwa la besi likinguruma nyuma mpaka kahawa itikisike. Wapigaji wengine nimewafundisha mimi mwenyewe kusoma nota. Nimezika wenzangu wote kwa sauti ile. Nizikwe mimi kimyakimya kama paka?

Dawa ni moja, akasema Efraimu. Kurudi kundini. Nisimame mbele ya usharika mzima Jumapili, niseme nimepotea na nimerudi. Nikamuuliza kama hiyo ni pamoja na kukiri kuwa alikuwa sahihi kuhusu Amerika. Akafikiri kidogo. Akasema ingependeza.

Kamwe!

Baada ya kuondoka kwake nimekaa, nimefikiri, na nimepata njia. Nzuri sana. Mjukuu wangu Eunike, muuguzi kule Michigan, anafika keshokutwa na mume wake Todd. Todd ni Mmarekani halisi, kazi yake kompyuta, na haamini Mungu, Eunike alishatueleza kwa simu na Elinaza akalia mpaka salio likaisha. Sasa huyu Todd nitamwongoa mimi. Mbele ya Efraimu. Mtu aliyemwongoa mpagani wa Michigan atahesabiwaje mpagani huku mlimani? Wataniletea kengele nyumbani.

Jumamosi, 5 Julai

Wamefika. Todd ni mrefu, amegonga kichwa kwenye mlango wa mbele, na wa jikoni, kisha kwa uadilifu akagonga na wa choo. Shikamoo amejifunza vizuri. Amempa Elinaza, amenipa mimi, amempa binti wa jirani anayesoma darasa la pili, ambaye ameitikia marahaba bila aibu.

Jioni nimemchukua tukatembee kwenye kahawa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba ningefurahi akiongoka Jumanne, kama saa kumi hivi, baada ya chai. Akacheka sana. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Akasema hawezi kudanganya juu ya jambo kama hilo, lakini yuko tayari kubishana kwa haki, na nikimshinda atakiri mbele ya watu wote.

Nimekubali. Nimefundisha historia maisha yangu yote. Kijana wa kompyuta ataniweza?

Akaniuliza, kwa upole, mimi mwenyewe ninaamini nini. Nikamwambia hilo halimo kwenye ratiba.

Jumanne, 8 Julai

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani, si kwa sababu ya baridi.

Efraimu alifika saa kumi kamili akiwa na kofia yake nyekundu ya mtumba, ambayo miaka yote ametuambia ni ya kampeni ya rais wa Amerika. Todd akaisoma, akafurahi kupita kiasi. Kumbe ni ya mtu aliyegombea usimamizi wa mifereji ya maji katika wilaya moja ya kwao! Todd akaeleza kuwa kule Michigan msimamizi wa mifereji hupigiwa kura. Nilifikiri Efraimu ataona haya. Wapi! Akasema taifa linalopigia kura hata mtaro ni taifa lililobarikiwa, akairudisha kofia kichwani kwa heshima zaidi.

Nikaanza. Eunike anatafsiri, ingawa hoja zangu alizifupisha kuliko nilivyopenda. Nikamwuliza Todd, nani ameuweka mlima huu? Akasema volkano. Na volkano? Akasema moto wa chini. Na moto? Akasema hapo ndipo anapofika, zaidi ya hapo hajui. Nikageuka nipokee ushindi wangu. Efraimu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mara ya mwisho kumsikia msomi akisema hajui ni zamani, pengine mwalimu naye ajaribu.

Kisha Todd akaeleza kwa nini alitoka kanisani. Akasema hakugombana na Mungu. Mchungaji wao alianza kuwaambia madhabahuni wampigie nani kura. Waliompinga wakahama, waliobaki wakawa wanaangaliana kama wezi. Na kwenye mikutano ya kampeni Mungu anatajwa kana kwamba ana kadi ya chama na amelipia ada. Siku moja, akasema, alitoka nje kupumua, na hajarudi.

Efraimu akavua kofia. Akasema hapo hata yeye angetoka. Akasema naye anawajua, wale wanaokuja siku ya harambee na bahasha na msafara, wakishika maikrofoni hawaiachii, na mahubiri yanasubiri nje kama mtu wa kuomba kazi. Akamshika Todd mkono. Todd akaushika wake. Wanakubaliana!

Mdahalo wangu ulikuwa unakufa mikononi mwangu. Ningemwongoa nani mbele ya nani? Ilibidi mtu apinge. Basi nikapinga. Nikawatetea wanasiasa. Nikasema wana haki ya maikrofoni kama mtu mwingine yeyote. Efraimu akaniuliza kama Mungu amewapa haki hiyo. Nikasema hapana, katiba. Akauliza, kwa hiyo katiba iko juu ya Mungu? Nikasema katiba angalau imeandikwa na watu tunaowajua. Eunike akaacha kutafsiri. Elinaza akaniambia, Baba Elinipa, kunywa chai.

Na bado haikuwa mwisho. Huku kwetu mgeni haagwi bila wimbo na sala. Efraimu akaanzisha wimbo, mmoja wa zile za zamani zilizoletwa na Wajerumani. Ghafla nyuma yangu ikaja besi, nzito, yenye nota zote. Todd! Kwa Kiingereza, macho amefumba, ubeti baada ya ubeti. Baba yake ni mchungaji wa Kilutheri, amelelewa kwenye kwaya. Mimi ubeti wa pili ulinipotea, nikabaki kufungua mdomo na kuufunga.

Efraimu aliyaona yote. Akiwa getini akasema katika maisha yake hajaona jambo kama hili: mpagani anaimba besi na Mlutheri anatafuna hewa.

Jumamosi, 12 Julai

Mpango wa pili. Huu haukuwa na Mmarekani ndani yake, kwa hiyo niliuamini zaidi.

Mgonjwa mahututi hasimami mbele ya usharika. Mchungaji humfuata kitandani, akampa Meza ya Bwana palepale, akamrudisha kundini bila maikrofoni wala macho ya watu. Basi asubuhi nikaugua. Nilianza kwa kuguna, nikaendelea na kuita majina ya marehemu. Eunike akaja na vifaa vyake, akanipima, akanitazama, akasema, Babu, mapigo yako leo ni mazuri kuliko ya Todd. Nikamwomba asimwambie bibi yake. Bibi yake alikuwa mlangoni.

Elinaza alitoka, akasema anakwenda kumwita mchungaji. Nilimsubiri kwa sura ya unyenyekevu.

Aliyekuja hakuwa mchungaji. Yalikuwa matarumbeta.

Kikundi kizima! Chini ya dirisha langu, ndani ya ukungu, na Efraimu mbele yao na kofia ya mifereji. Wakapiga wimbo wa mazishi, ule wenyewe. Lile kubwa likanguruma mpaka glasi ya maji ikatetemeka mezani. Naungama: nililala nimefumba macho, mikono kifuani, nikafurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nilijiona ninapita kati ya migomba. Nikaona watu wanavua kofia. Nilikuwa nimeshajizika vizuri kabisa, umebaki udongo tu.

Kisha tarumbeta la pili likateleza. Nusu nota chini! Ubeti mzima!

Sikumbuki kuamka. Nakumbuka niko dirishani kwa nguo ya kulalia, nimenyoosha kidole, nikimwambia yule wa pili kwamba hivyo sivyo nilivyomfundisha, arudie kuanzia juu. Matarumbeta yakakatika. Mtu akasema, mgonjwa kafufuka. Wakacheka mpaka yule wa besi akakaa chini kwenye majani.

Efraimu alisogea dirishani. Nilingoja kejeli, nikatayarisha majibu. Akasema mke wangu amemweleza yote. Akasema kanuni ya wazee hakuitunga yeye, na nikifa na ubishi wangu haitampa nafasi ya kunipigia chochote. Ndiyo maana ameyaleta leo, niyasikie nikiwa na masikio. Alisema hayo akiitazama mibuni, mimi hakunitazama hata kidogo. Kisha akasema, Mwalimu, wewe ukienda, pale buchani nitakula supu na nani? Wale wengine wananikubalia tu.

Nikamwambia kesho nitasimama.

Akauliza, na Amerika? Nikasema Amerika haimo. Akakubali. Amerika ibaki buchani.

Jumapili, 13 Julai

Nimesimama! Ile ngazi Efraimu amenipandisha kwa mkono wake, akininong'oneza nikaze goti la kulia. Nikasema nilipotea na nimerudi. Nilikuwa na maneno mengine machache kuhusu mabunge mawili ya Amerika, lakini mchungaji alikuwa ameonywa, matarumbeta yakaanza mapema. Mchungaji aliponiuliza kama naamini, neno ndiyo lilitoka lenyewe, bila kukwaruza. Limenishangaza. Nimelichunguza siku nzima na bado silioni kosa.

Todd alikaa benchi la nyuma, akasema amekuja kwa ajili ya besi tu. Baada ya ibada, kwenye mnada wa matoleo, akamnunua jogoo. Akaambiwa kwa desturi anaweza kumrudisha auzwe tena kwa faida ya kanisa. Akamrudisha. Akamnunua tena. Akamrudisha! Akina mama wakapiga vigelegele, jogoo akachoka. Efraimu anataka Todd awekwe kwenye kamati ya ujenzi, na swali la imani lisubiri paa liishe.

Elinaza amenishika mkono njia nzima. Niko ndani. Kengele yangu ipo. Naweza kufa wakati wowote, ingawa si wiki hii, kuna ndizi zinaiva.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka mwepesi. Nimeapa kutobishana tena mambo ya imani. Kisha nimekwenda kunywa supu.

Efraimu alikuwa mchangamfu. Akasema anavyoona, Wamarekani wakifika mbinguni watafurahi kuliko wote, kwa kuwa wamezoea uhuru. Nilinyamaza. Naomba iandikwe kwamba nilinyamaza, nikameza vijiko kadhaa. Akauliza kama nina la kusema. Nikasema ni dogo tu. Nikasema Mmarekani mbinguni atapata shida. Mtawala ni mmoja. Hana muhula. Uchaguzi hakuna, upinzani ulifukuzwa mapema kabisa, na waliobaki kazi yao ni kusifu asubuhi na jioni.

Panga la nyama likasimama hewani. Efraimu akasema kwa sauti ya chini, Mwalimu, ishia hapo.

Ningeishia. Lakini nilikuwa nashinda! Nikawaambia mimi nikifika huko, kitu cha kwanza nitaulizia ofisi, nichukue fomu ya kugombea.

Mchungaji anakuja kesho saa nne. Nimemwandalia hoja, na hii ya sasa haina jibu.