Leo Ukuta wa Ghala Umenijibu

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya kamera na mbele ya ng'ombe. Nawasimulia mwenyewe kabla video haijawafikia.

Kwa wasionijua, mimi ni Minza, mwigizaji wa hapa hapa Bariadi. Jukwaani naigiza kwa Kisukuma, huko vijijini. Kwenye filamu naigiza kwa Kiswahili. Mwaka wa tisa huu. Nimeshakuwa jirani mmbea, nesi wa mstari mmoja, na mchepuko wa mume wa mtu (kwa huo mchepuko, mama mmoja wa Lagangabilili aligoma kuniuzia nyanya). Nafasi kubwa? Sijawahi.

Wiki iliyopita akaja mwongozaji kutoka Dar, dada mmoja anaitwa Rehema. Anatafuta mwanamke wa kuigiza mama aliyekufa. Akiwa hai, mama anaongea Kiswahili. Akirudi mzimu kumdai mumewe ng'ombe wake, anaongea Kisukuma tu. Sasa niambieni, hiyo nafasi si ilikuwa imeandikwa jina langu?

Shangazi yangu anaishi Ngulyati, na ndiye anayetunza funguo za ghala la pamba. Msimu haujafunguliwa, kwa hiyo ghala ni tupu, na ukiongea humo sauti inazunguka kama uko ndani ya mtungi. Nikaona hapo ndipo pa kufanyia mazoezi. Kuanzia Jumatatu nikawa nakwenda kila siku kwa bodaboda, najifungia, namsema mume wangu wa kwenye filamu kwa Kisukuma, taratibu, kwa koo kavu la bibi: "Ng'ombe wangu yuko wapi? Umempeleka wapi ng'ombe wangu?"

Mwenyewe nywele zilikuwa zinanisimama. (Nikajisifu. Kipaji hicho!)

Leo Ijumaa ndiyo siku ya usaili, saa nane mchana, humo humo ghalani, kwa ombi langu. Saa sita nikaingia kupitia mistari yangu mara ya mwisho.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Mwangwi ukarudi, ukaisha. Kimya. Halafu ukuta wa nyuma ukasema, kwa Kisukuma:

"Anakuja."

Niliganda. Vumbi la pamba lilikuwa linaning'inia kwenye mwanga wa dirisha, halipandi, halishuki. Nikasogea, nikaweka sikio ukutani. Upande wa pili mtu alikuwa anapumua. Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikauliza tena, kwa sauti ile ile: "Yuko wapi?"

"Vumilia kidogo. Leo hii anakuja."

Mbio hadi kwa shangazi.

"Shangazi, nyuma ya ghala anaishi nani?"

"Nyuma pale? Haishi mtu. Kuna kaburi la mke wa mzee Masunga, basi."

"Kuna mtu amenijibu!"

"Wewe Minza, hujala tangu asubuhi. Kunywa uji."

Nikanywa uji. Macho yako barabarani, natafuta bodaboda ya kunirudisha mjini. Lakini miaka tisa, jamani! Nikajipaka majivu usoni, nikajitanda shuka jeusi, nikarudi ghalani, nikavua viatu humo ndani, kama mzimu anavyotakiwa. Rehema alikuwa ameshafika, suruali nyeupe pee, kamera mkononi. Mlango tuliuacha wazi tupate mwanga. Watu wa jirani wakajaa madirishani.

"Anza," akasema Rehema.

Nikaanza. Mara hii sauti ilitoka vizuri hadi nikajiogopa. Madirishani hakuna aliyekohoa. Nilipofika kwenye "umempeleka wapi ng'ombe wangu", nikasikia hatua nje. Nzito. Zinakuja taratibu. Mlango ukaingia giza.

Alisimama mzee mrefu, kofia kaishika kifuani, kamba mkononi. Nyuma yake ng'ombe mwekundu, pembe moja imevunjika. Mzee alinitazama usoni. Machozi yanamtoka. Akasema kwa Kisukuma, kwa upole kabisa:

"Kabula. Huyu hapa. Sasa pumzika, mama."

Yeye hakuogopa. Aliyeogopa ni mzimu.

Kisukuma chote kilinikimbia. Nikapiga yowe kwa Kiswahili: "Sio mimi! Mimi naigiza tu!" Nikamrukia Rehema mgongoni. Rehema akaanguka, mimi juu yake. Ng'ombe akashtuka, akaharisha. Ile suruali nyeupe, jamani, acheni tu.

Mzee akainama, akanichungulia pale chini.

"Mke wangu hakujua Kiswahili," akasema. "Wewe ni nani?"

Sijui kwa nini, nikamjibu: "Shikamoo."

Madirisha yote yakalipuka kwa kicheko. Shangazi yangu ndiye aliyeongoza.

Huyo ndiye mzee Masunga. Mkewe, huyo Kabula, alifariki mwaka juzi, naye akambadilisha ng'ombe wa marehemu kwa baiskeli. Tangu hapo moyo haukutulia. Aliposikia sauti ghalani ikimdai, akairudisha baiskeli, akaongeza na mbuzi wawili. Leo mchana alikuwa ameketi kaburini akisubiri ng'ombe aletwe, ndipo nikauliza, akanijibu.

"Kwa hiyo aliyeniita si mke wangu?" mzee akaniuliza.

Hapo nilitamani wangeendelea kucheka. "Hapana, baba. Nilikuwa mimi. Nisamehe."

Akampapasa ng'ombe shingoni. "Huyu simrudishi. Alikuwa wake." Akanigeukia. "Ila mwanangu, umenisumbua. Mwezi mzima usingizi sina."

"Mwezi? Baba, mimi nimeanza Jumatatu."

Akanitazama. Akautazama ukuta. Hakuna aliyecheka tena. Rehema, pamoja na ile suruali yake, alikuwa ameshaanza kukunja nyaya za kamera. Akasema matokeo atayatoa tukiwa Bariadi mjini, si hapo.

Ameyatoa jioni hii. Mzimu ni mimi! Na mume wa mzimu ni mzee Masunga, ana mistari mingi kuliko mimi, na eti ana kipaji cha kuzaliwa.

Sasa shida ni moja. Viatu vyangu vimebaki ghalani, na shangazi amekataa kufungua peke yake. Nani atanisindikiza kesho? Mchana, tafadhali. Na wewe unayecheka, usijitolee.