Landrova ya Bi Maximilla

Khatibu wa Kasulu hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono miwili, na wengine walimshukuru. Ndivyo alivyojieleza, na mimi ni nani nimbishie mtu aliyewahi kumwuzia mwalimu saa isiyo na mishale, kwa ahadi kwamba mishale inakuja na treni?

Siku moja ya mwaka 1975 alikuwa Kibondo akiuza dawa ya panya. Panya wa Kibondo waliipenda mno ile dawa, wakanenepa, na wenye nyumba wakaanza kumtafuta muuzaji. Akajificha kwenye kilabu cha pombe ya ndizi cha Bi Maximilla, mjane wa makamo mwenye sauti ya upole na macho yasiyopepesa. Nyuma ya kilabu, chini ya rundo la mabua ya mahindi, akaona pua ya Landrova.

"Mwakeye, mama," akasalimu. "Hilo nalo ni banda la kuku?"

"Ni gari la marehemu mume wangu. Alinunua kwa Mzungu mpima ardhi. Lilitembea miaka mitatu, likalala, naye akalala. Sasa wanalala kuku."

Khatibu akalizunguka. Matairi hakuna, betri hakuna, rejeta imetoboka kama chujio. Mtu mwingine angesikitika. Yeye moyo ulimruka. Gari zima unaliuza mara moja tu, basi. Gari bovu unaliuza kwa kila mwenye tamaa, naye anakuletea vifaa vya kulitengeneza, nawe unaviuza Kakonko kabla havijapoa.

"Mama," akasema, mkono kifuani, "unayemwona ni fundi wa Tanga, nimefunzwa na Wajerumani." Ukweli ni kwamba aliosha mabasi Kigoma kwa miezi miwili, akafukuzwa kwa kuosha na mifuko ya abiria. "Nitakufufulia gari hili bure. Likiuzwa, nusu yako."

Bi Maximilla aliitazama mikono yake laini. "Sawa, mwanangu. Ila kwangu kuna utaratibu. Kifaa kikifika, kinafungwa siku hiyohiyo, nikione kwa macho. Kisipofungwa, hakuna ugali."

Ugali tu! Khatibu alikaribia kucheka.

Kesho yake akapanda basi hadi Kasulu, kwenye maduka mawili yanayotazamana. Moja la Abdulrahmani, jingine la Dadi, mashemeji ambao kwa miaka tisa hawakuwahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. Kila mmoja alitaka awe wa kwanza mtaani kumiliki gari. Khatibu aliingia duka la kwanza kwa mlango wa mbele, la pili kwa mlango wa uani.

"Mzee Abdulrahmani, Landrova ni yako. Imepungukiwa matairi tu. Lakini chonde, Dadi asijue, atakupiku."

"Bwana Dadi, Landrova ni yako. Imepungukiwa betri na rejeta tu. Lakini chonde, Abdulrahmani asijue, roho itamtoka."

Matairi yalifika Jumapili, juu ya lori, na Abdulrahmani mwenyewe amekaa juu yake kama bwana harusi.

"Liwashe nisikie," akasema.

Hapo ndipo utamwona Khatibu ni nani. Kumbuka, ulikuwa ule wakati wa mafuta kuadimika, na serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Khatibu aliinua macho kulitazama jua, akashika kichwa.

"Mzee! Saa nane imeshapita! Unataka tulale ndani? Mimi maskini, lakini sheria ya nchi siichezei."

Abdulrahmani aliguswa sana na uzalendo ule. Dadi naye alipokuja na betri na rejeta, ilikuwa Jumapili iliyofuata, saa tisa kasoro. Akahubiriwa mahubiri yaleyale, akarudi Kasulu akiwa raia mwema kuliko alivyokuja.

Mambo yangekwenda kama siagi, kama si Bi Maximilla. Khatibu alikuwa amepanga matairi yaende Kakonko Jumatatu alfajiri. Jioni ileile yalipofika, mama akasimama mlangoni na mwiko.

"Yafungwe."

"Mama, fundi wa Kijerumani hafungi tairi jua likizama."

"Basi na ugali wangu hauivi jua likizama."

Yakafungwa. Mama akachukua spana, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kulala nayo. Ikawa hivyo kwa kila kitu. Mlaghai wa watu akajikuta fundi kweli, bila kupenda, kwa sababu ya tumbo.

Na kazi yenyewe haikuwa lelemama. Bomba la moshi lilikuwa limeziba kwa kiota cha panya, panya walewale walionenepa, wakamtazama kama mfadhili wao. Alipotaka kufungua injini, akakuta kuku ameatamia mayai kumi na moja juu yake. "Asiguswe," akasema Bi Maximilla. Siku ishirini na moja fundi wa Tanga akakaa kumngoja kuku atotoe, huku akikata gasketi kwa ngozi ya kiatu chake cha kushoto. Tangi likavuja, akaliziba kwa sabuni ya mche. Rejeta mpya ya Dadi, kumbe nayo kuukuu iliyopakwa rangi, ikavuja pia. Akamimina ute wa mayai ndani, kama alivyowahi kuona madereva wa Kigoma wakifanya, ikakaza. Alipigwa na mpini wa kuwashia injini mara mbili, mara moja kwenye kidevu. Usiku alikuwa anaota nati.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Landrova ikakohoa. Ikapiga chafya. Ikanguruma!

Khatibu alikaa chini kwenye matope, akalia machozi ya kweli. Maishani mwake hakuwahi kufanya kitu kikafanya kazi. Akaipapasa boneti, na papo hapo akajua hataiuza. Hii ilikuwa yake. Angeichukua hadi Kigoma, akaanze maisha ya mtu mwenye gari, mtu anayeamkiwa shikamoo.

Jumapili, Bi Maximilla alipokwenda kanisani, Khatibu akaondoka. Hesabu yake ilikuwa safi: awe amevuka Kasulu kabla ya saa nane. Akapita vilima akiimba. Karibu na Nyakitonto ule ute wa mayai ukachoka. Mvuke ukaruka juu, na Khatibu akashuka bondeni kuchota maji kwa kofia yake, akapanda, akamimina, akashuka tena. Safari kumi na nne.

Aliingia Kasulu saa nane na dakika ishirini. Sajini Felisiani alikuwa amesimama katikati ya barabara.

"Afande," Khatibu akaanza, "sheria ya nchi mimi..."

"Gari la nani?"

Kabla hajajibu, Abdulrahmani akatoka mbio dukani. "Langu! Matairi yangu hayo!"

Dadi akatoka mbio zaidi. "Langu! Rejeta yangu hiyo!"

"Vizuri sana," akasema Sajini. "Jumapili, saa nane imepita. Mwenye gari ndiye anayelala rumande. Tangulieni."

Mashemeji wakarudi nyuma hatua moja moja.

"Nimesema linafanana na la shemeji yangu," akasema Abdulrahmani.

"Macho yangu mabovu, afande," akasema Dadi. "Hata sikujua kama ni gari."

"Ni la Maximilla Ntirampeba wa Kibondo," Khatibu akaapa. "Mimi nimetumwa tu."

Sajini, mtu wa utaratibu, akawaandikisha wote watatu maelezo: hawana chochote kwenye gari hilo, kuanzia taa hadi tairi. Wakatia sahihi kwa haraka. Khatibu akawekwa ndani mpaka mwenyewe apatikane, na Sajini akapiga simu kituo cha Kibondo.

Jumatatu Bi Maximilla akashuka kwenye basi, kavaa nguo za kanisani, kadi ya gari mkononi. Akasomewa maelezo. "Rudia hapo kwenye matairi," akaomba kwa upole. Ikarudiwa.

"Sasa mama, huyu ulimtuma au aliiba? Akiwa mwizi, ni jela. Ukiwa umemtuma, lipa faini uende naye."

Bi Maximilla akamgeukia Khatibu. "Yemwe, we Khatibu. Nilikutuma?"

"Ulinituma, mama."

"Kwa sababu wewe ni nani wangu?"

Khatibu akashika kidevu, palepale alipopigwa na mpini.

"Ni dereva wangu," mama akamsaidia. "Na fundi. Wa kudumu, kwa ugali."

Khatibu akauliza, "Na kitoweo?"

"Jumapili."

Faini ikalipwa. Landrova haikuwaka; betri ilikuwa imelala. Bi Maximilla akapanda mbele, akatengeneza kanga yake, akawaita wale mashemeji waliokuwa wakichungulia kila mmoja mlangoni kwake. "Wanangu, nisaidieni kusukuma." Sajini alikuwa anatazama. Abdulrahmani akashika kulia, Dadi kushoto, wakasukuma pamoja mpaka mteremkoni, wakihema, macho yao hayabanduki kwenye matairi. Injini ikashika. Khatibu alikuwa amejaa hasira tangu asubuhi, lakini iliponguruma vile, ingawa alijionea aibu, alifurahi.