Mahali pa Kujisaidia pa Soko la Munyaka

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, au mwakilishi wake, au yule aliyekalia kiti chake, Mwenyekiti wa Chama, madiwani wenzangu, Chifu na manaibu wake, wachungaji wa madhehebu yote yaliyoandikishwa, walimu wakuu, viongozi wa akina mama, vijana wa Chama mlioshika njia zote za kutokea, na ninyi wananchi watiifu wa Munyaka, Kimumu, West Indies na sehemu zinazopakana nazo: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa sauti zaidi, baada ya Chifu kugeuka.)

Mimi, Diwani Nicholas Kipyego, ambaye sihitaji kujulishwa kwenu lakini itifaki inadai nijijulishe, nimesimama hapa kwa furaha isiyo na kifani ili tufungue rasmi Kituo cha Kujisaidia cha Soko la Munyaka, projekti iliyobuniwa, ikapangwa, ikasimamiwa na kutekelezwa na ofisi yangu in line with sera ya maendeleo mashinani. (Makofi ya kilo, kwa mpigo mmoja.)

Historia yake ni hii. Mwaka jana, wakati wa mvua kubwa, Mama Rael, muuza maziwa ya mursik ambaye namwona pale mbele na fimbo yake, alishikwa na haja akavuka barabara kwenda kwenye mikaratusi, kwa maana soko letu halikuwa na choo, jambo ambalo ofisi yangu ilikuwa inalifahamu kwa undani kabisa. Huko alikutana na mbwa wa mwenye shamba. Katika kukimbia alianguka mtaroni, akavunjika mguu, akapelekwa hospitali kwa mkokoteni wa kabeji wa Mama Wahu. Nachukua nafasi hii kumpongeza Mama Wahu kwa upande wa usafiri.

Kesho yake Mama Wahu akaja ofisini na wenzake, viatu vimejaa matope.

"Mheshimiwa," akasema, "sisi tunataka mahali pa kujisaidia."

Sasa, kwa bahati nzuri, nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka semina katika hoteli moja ya Nairobi, ambako mtaalamu wa ng'ambo alitufundisha mambo ya self-help, yaani kujisaidia, kwamba binadamu akibadilisha fikira zake, shida zake hujibadilisha zenyewe. Moto wa semina ulikuwa bado unaniwaka. Nikamwambia, "Mama, mahali pa kujisaidia ni hapa," nikajigonga kifua.

Akakitazama kifua changu kwa muda. "Hapo hapatatutosha, Mheshimiwa," akasema. (Kicheko. Chifu anasimama. Kicheko kinakwisha.)

Sikuvunjika moyo. Kila siku ya soko nilikuja hapa na kipaza sauti, nikawafundisha kujitambua, kujitawala na kujizuia. Niliwaambia mtu asiseme amebanwa, aseme anaweza. Matunda yake yanaonekana. Kulingana na utafiti wa ofisi yangu, ambao niliufanya mimi, asilimia tisini na nane ya akina mama wa soko hili wamebadilika kitabia. Mama Wahu ameacha chai ya asubuhi, na hatii tone la maji mdomoni mpaka arudi nyumbani. Maximilla wa nyanya ana mimba kubwa, na bado anakaa kwenye meza yake kutwa nzima amefumba macho. Nilimwuliza anatafakari nini. Akasema, "Sitafakari, Mheshimiwa. Nangoja." Hiyo ndiyo tunaita patience.

Hata hivyo, palitokea kutoelewana. Mama Rael alipotoka hospitali alikuwa hajapitia mafunzo. Akakusanya akina mama, wakachukua majembe, wakachimba shimo refu nyuma ya mabanda, wakaleta na mabati ya zamani. Nilipofika na askari wa kanjo, yaani wa baraza letu, nilimkuta ameketi juu ya udongo, mguu ameunyoosha, anawaelekeza.

"Mnafanya nini hapa?" nikauliza.

"Ulituambia tujisaidie," akasema. "Tunajisaidia."

"Mama, kujisaidia kuna utaratibu. Lazima kuwe na kibali, ramani na mgeni wa heshima."

"Na mwenye haja amngoje mgeni wa heshima?"

Nikawageukia askari, kwa sababu kiongozi hajibizani na watu wenye majembe. Shimo lilifukiwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya usalama wenu. Mama Wahu alilia mbele ya watoto wake, nami nikaona kwamba mafunzo bado hayajamwingia sawasawa.

Lakini leo yamewaingia akina mama wote. Mke wa Mwalimu Wanyonyi, hapo nyumba za walimu, amewaachia wazi lango la nyuma la kwendea choo chake, na wao wanamfagilia ua na kumchotea maji, kwa zamu, bila kamati. Hakuna aliyewaagiza. Hawaji tena ofisini kwangu. Wakinikuta njiani wananisalimu kwa heshima na kupita. Kwa kiongozi, hakuna mafanikio makubwa kuliko kutoombwa kitu. (Mama Rael anainuka kwa fimbo yake. Akina mama wanamfuata, kuelekea nyumba za walimu. Vijana wa Chama wanatazamana, kisha wanawapisha.)

Wale wanaotoka watoke kwa nidhamu. Kujisaidia juu. (Juu.) Kujizuia juu zaidi. (Juu, kidogo.) Chama juu kabisa. (Juu, kutoka jukwaani.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mgeni wetu wa heshima, ambaye sasa atakata utepe huu, na kanisa lililotuazima nguzo mbili za kuufungia. Wapiga picha nawaomba mpige kwa karibu, kwa maana ukipiga kwa mbali utaona ng'ombe. Namshukuru sana mkandarasi, ambaye hakuweza kufika kwa sababu bado hajateuliwa. Na ninyi mliobaki, nawashukuru kwa kusimama kwa adabu kwenye nyasi hizi tangu asubuhi, hapo hapo ambapo mlango ungekuwa.