Jino Hewa la Redio

Bima imemkataa Redio! Habari ilitua kijiweni kahawa ikiwa bado ya moto, tena aliyeileta ni Dada Bili mwenyewe, yule anayeandika madai ya bima kwenye kliniki ya meno hapo mbele.

Redio, mnadi wetu wa mitumba, alikuwa pale pale benchini, kiungo cha taya kimekwama, mdomo unapitisha mrija tu. Mtu aliyekuwa akinadi shati moja mtaa mzima unaamka, siku hizi ananadi kwa kukonyeza. Nani anunue shati kwa mtu anayemkonyeza?

"Wamekataaje?" akafoka Wakili. Huyu ni fundi viatu. Sheria hajasoma, ila kubisha kasomea.

"Bima ya meno wanasema taya ni mfupa, niende bima ya matibabu," akajibu Dada Bili. "Kufika matibabu, wanasema daktari ni wa meno, nirudi nilikotoka."

"Makubwa! Sasa taya ni la nani? La jirani?"

Redio akapiga benchi. "Mmmh!"

"Anasema ni lake," nikatafsiri.

"Basi nikarudi kwa hao wa meno. Nikaingiza msimbo, ile namba ya tiba, ya upasuaji wa kiungo cha taya. Kompyuta ikauliza: jino namba ngapi?"

"Kiungo kina jino?"

"Hakina hata moja! Lakini bila namba haisogei. Nikaweka gego la mwisho, si ndilo jirani yake?"

"Hiyo ndiyo akili!" Wakili akapiga kofi.

"Akili gani, kaka? Wamejibu: gego hilo mlishaling'oa, na sisi ndio tuliolipia. Mnapasua jino hewa?"

Jamani, tulicheka! Wakili akamwaga kahawa yote. Redio naye akataka kucheka, taya likamkumbusha, machozi yakamtoka. Kicheko kikatukauka. Upasuaji ni kesho asubuhi, na bila kibali hakuna, mitumba iozee ndani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

"Nimepeleka madai upya kwa wale wa bima ya matibabu," Dada Bili akasema taratibu. "Safari hii bila jino, na barua ya daktari juu."

Simu yake ikalia, ni hao hao wa matibabu. Akaiweka kwenye spika.

"Tumepitia. Msimbo ni sahihi, na unaendana na ugonjwa."

Tukaruka kwa furaha.

"Kimebaki kitu kimoja. Mgonjwa athibitishe kwa sauti yake mwenyewe kwamba hawezi kufungua mdomo."

"Mdomo huo huo usiofunguka?" akafoka Wakili.

Redio akainyakua ile simu. "Mmmh! Mmh-mmh! MMMMH!" Akaendelea hivyo, mishipa ya shingo imemtoka, kidole kikiinyooshea simu, mpaka pumzi zikamwishia.

Upande wa pili ikasikika kompyuta ikibofywa.

"Tumeidhinisha," sauti ikasema. "Ila mwambieni mzee apunguze matusi."