Ombi la Kuharibiwa Tena kwa Rimoti Yangu ya Ndege

Kwako Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na cherehani yako haikununa kwa siku tatu ulizokaa kwetu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Mama, nakuandikia kwa heshima zote na kwa uchungu. Unaijua ile rimoti yangu yenye vijiti viwili, ninayoichomeka kwenye kompyuta kufanya mazoezi ya kurusha ndege ndogo ya kwenye skrini. Ilikuwa mbovu, ndege inavuta kushoto tu. Nimeitengeneza mwenyewe mezani miezi minne: nimeifungua mara saba, nimeitia springi ya kalamu na gundi ya viatu, na kila nikiifunga inabaki skrubu moja. Jumanne narudi kutoka kazini, nakuta umeifunga, skrubu zote zimo ndani, na ndege inakwenda imenyooka kama pindo la sketi zako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuniuliza. Kuwa na bisibisi ndogo ya cherehani si ruhusa ya kumalizia kazi ya mkweo.

2. Ubovu ule nilishauzoea. Mkono wangu ulikwishajifunza kuvuta kulia ili ndege inyooke. Sasa ndege imenyooka, mkono haujapata habari. Toka Jumanne nimegonga mnara, nimegonga ghala, na jana nikagonga mti ulio peke yake uwanja mzima. Jamani, hata kuukosa nilishindwa!

3. Balaa limeingia kazini. Mimi ni kinyozi, naishi kwa mkono huu. Zamani ulikuwa ukimaliza kuvuta kwake kwenye ndege. Ndege haitaki tena, basi unamalizia kwa wateja. Mwenyekiti wa chama chetu cha ndege ndogo ametoka kwenye kiti changu sharafa moja iko sikioni, nyingine inakaribia kidevu. Alinishukuru kwa sababu hakuwa amevaa miwani.

4. Jumamosi. Hili ndilo linaloninyima raha. Wanachama wametoa Jumapili zao za miezi minane kuunda ndege ya mbao nyembamba, na mimi, mdomo huu huu, nikajipiga kifua mbele ya mkutano kwamba nitairusha mara ya kwanza. Naogopa, Mama, sikufichi. Ikianguka, nitawanyoa watu wale kwa uso gani?

Kwa hiyo naomba urudi kabla ya Ijumaa uiharibu rimoti yangu vile vile ilivyokuwa, usizidishe wala usipunguze. Nimeshamwandikia katibu kwamba rimoti ya chama, nitakayoirushia ndege Jumamosi, nayo iharibiwe kwa kiwango hicho hicho, ili haki itendeke. Akikataa, nitaomba bawa la kushoto likatwe inchi mbili. Wakikataa na hilo, itabidi wanachama wote wasimame kichwa upande, waione inakwenda sawa.

Wasalimie mashemeji wote, jirani yako muuza vitambaa, na yule mteja wako anayepunguziwa gauni lile lile kila mwezi.

Ni mimi mkweo, mwenye adabu na manung'uniko,
Kinyozi

Tanbihi: Binti yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema hukutengeneza kitu. Uliifungua, ukaitoa springi yangu na gundi yangu, ukaikuta nzima. Kumbe kuna kitufe kidogo chini ya kijiti cha kulia, kazi yake ni kuipeleka ndege upande, nami hukisukuma kwa kidole gumba kila nikishikwa na woga. Ulikirudisha katikati kwa ukucha. Halafu, nikiwa kazini, ukairusha ndege mara tatu, na mara zote tatu ukatua uwanjani, huku unasubiri chai ichemke.

Basi yafute yote ya juu, ila njoo. Ni Jumamosi saa nne asubuhi. Kwenye karatasi ya chama, pale palipoandikwa rubani, nimekata jina langu, nimeandika Mama Mkwe. Mimi nitakubebea mkoba, nisimame nyuma yako, nisiguse kitu.