Pilau ya Mikoroshini Jazz

Jumatatu, 22 Septemba 2025. Mtwara.
Nimepewa kipindi. Dakika kumi kila asubuhi: "Siku Kama ya Leo Katika Muziki." Meneja wetu, Bi Fauzia, ataamua Jumamosi nani awe mtangazaji wa kudumu wa redio yetu: mimi, Gaudensi, mwenye shahada ya mawasiliano ya umma, au Nasra, mwenye cheti na sauti. Nasra husoma taarifa za korosho. Nimemtakia kila la heri, kwa maandishi.

Jumanne, 23 Septemba.
Nimeeleza kuzaliwa kwa mpiga piano mmoja wa Ulaya. Simu moja tu, kutoka Chuno. Msikilizaji aliuliza kama huyo bwana ana undugu na mtu yeyote hapa Mtwara. Nilipokiri kwamba hana, akaomba aunganishwe na Nasra.

Jumatano, 24 Septemba.
Ufumbuzi umepatikana: historia ya nyumbani. Kinyozi wangu ametundika picha ya zamani. Vijana watano, suruali za bugaluu, magitaa mawili, kibao kilichoandikwa "Mikoroshini Jazz". Nyuma yake: "Mikindani, 25/9." Kesho hasa. Mwaka haukuandikwa, hivyo nimeuweka mwenyewe, 1974, kwa kuzingatia upana wa suruali. Kitaaluma huitwa makadirio. Nimeongeza dansi la kwanza la bendi, mchana kutwa. Pia pilau. Kinyozi anamkumbuka mpiga gitaa mmoja tu, Asadi; huyo nimemlisha sahani tatu adhuhuri, gitaa likiwa begani. Kipindi bila chakula hakina uhai.

Alhamisi, 25 Septemba.
Simu hazikukatika. Ya kwanza ilipigwa na Bi Tatu wa Mikindani. Alinisalimu hewani kwa utaratibu, akauliza hali ya mama, akauliza shule niliyosoma. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, tarehe hiyo mwaka wa sabini na nne tulikuwa ndani ya Ramadhani. Sisahau, nilikuwa na mtoto mchanga wa kwanza. Na huyo uliyemlisha sahani tatu mchana ni mume wangu. Leo ndiye anayetuadhinia."

Nasra aliweka wimbo bila kuombwa.

Taarifa zimefika kwamba Mzee Asadi alipokwenda kununua samaki, vijana walimuuliza kama anataka na mchele kabisa. Mwingine alitaka kujua ile sahani ya tatu aliimaliza au alifunga nayo. Waumini wenzake hawakucheka. Walimtazama tu, jambo ambalo ni zito zaidi.

Bi Fauzia alidai chanzo cha taarifa yangu. Nilitaja suruali. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniona bado nipo. Ameagiza niende Mikindani kesho baada ya swala ya alasiri. Nisiposamehewa, Jumamosi nisijisumbue kuja.

Ijumaa, 26 Septemba.
Nilibeba kilo mbili za sukari (ushauri wa Nasra) na risala ya kurasa nne (wangu). Mzee Asadi aliisikiliza kwa ukurasa mmoja na nusu, akaniomba nipumzike. Amesema mwaka ulikuwa 1969. Isitoshe, siku ile hawakupiga chochote. Fundi alikuwa amemaliza kushona suruali, wakaazima magitaa ili wapigwe picha kabla hazijachakaa. Hakuna hata mmoja aliyejua vidole vinawekwa wapi. Dansi la kwanza lilikuja miezi sita baadaye, kwenye harusi ya binamu yake, na bibi harusi mwenyewe ndiye aliyewaomba waache.

Alicheka hadi Bi Tatu akatoka ndani kuangalia kulikoni.

Hata hivyo, msamaha wa barazani hakuutaka. Nimemchafua redioni, alisema, nimsafishe redioni. Na atakuja mwenyewe kunisimamia, maana msomi akiachwa peke yake anaweza kuongeza nyama.

Jumamosi, 27 Septemba.
Amekuja, kanzu imenyooka, Bi Tatu nyuma yake. Nilisoma sentensi mbili za masahihisho. Zilikuwa kumi na nane, lakini Mzee alikwisha kuvuta kipaza sauti. Akaeleza kuhusu fundi, kuhusu suruali, kuhusu bibi harusi. Nasra aliuliza maswali yaliyo mepesi mno kwa maoni yangu, na kila moja lilijibiwa kwa dakika tano. Watu walipiga simu kutoka Naliendele, kutoka Msimbati. Imamu wake naye alipiga. Nilianza kukusanya karatasi zangu. Akaomba Mzee arudie kidogo ile ya suruali.

Bi Tatu alinipa mkono. Alisema nije Idi nile pilau, kwa wakati wake.

Uamuzi wa Bi Fauzia: Nasra ni mtangazaji wa kudumu. Mzee Asadi atakuwa hewani kila Jumamosi. Mimi nimebakizwa, kwa majaribio, kama mwandishi wa kipindi. Nimelitafakari neno hilo, "mwandishi". Mtangazaji hutamka tu. Mwandishi ndiye hufikiri. Nimeridhika sana.

Jumanne, 30 Septemba.
Nimejitathmini kwa uaminifu. Kosa langu halikuwa kutunga. Lilikuwa kutunga bila kalenda ya Hijria. Sasa ninayo. Kesho ni tarehe 1 Oktoba, na nimechagua 1976. Ramadhani ilikuwa imekwisha takribani wiki nzima kabla. Nimehakiki mara tatu. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Onyesho kubwa la muziki nimeliweka Msimbati, saa saba mchana, mbele ya msikiti, kwa kuwa kinyozi amenithibitishia kwamba siku hiyo na saa hiyo hapo hapakosi watu.

Nimempa Nasra karatasi aisome kesho. Ameisoma, ameketi, ameisoma tena, kisha amenirudishia kwa mikono miwili na kusema heshima ya kuisoma hewani iwe yangu mwenyewe. Hatimaye ametambua nafasi yangu.