Panya Mmoja, Mzima, Chupani

Jumatatu, 3 Machi
Fedheha ya mwisho. Kibano amepiga simu. Mwanafunzi wangu huyo, siku hizi mkuu wa idara yangu ya zamani chuoni. Anataka kuipiga picha chupa yangu kwa mashine mpya inayoona hata nusu ya unywele. Ubongo, ugwe wa mgongo na mishipa yote ya fahamu ya panya mmoja, imetolewa ikiwa nzima, jina langu chini yake! Mwezi mzima nilibandua mfupa punje kwa punje. Binti yangu ananiuliza mbona sifurahi.

Nifurahie nini? Mshipa wa mguu wa kushoto wa panya ulinikatikia. Nilipiga chafya. Nikaunga kwa uzi mweupe wa kushonea. Daktari anasema moyo wangu umebakiza kidogo, na jina lile ndilo mali yangu pekee.

Jumatano, 5 Machi
Mpango umepatikana. Nimemwagiza binti aombe chupa iletwe niiage. Ikifika, itaniponyoka. Mikono inatetemeka, nani atashuku? Binti akauliza tangu lini chupa ikaagwa. Nikamkumbusha kwamba mgonjwa habishiwi.

Alhamisi, 6 Machi
Kibano amekuja. Shikamoo nyingi. Akaniwekea chupa mapajani lakini hakuiachia, kaishika kama mama anayemwogesha mtoto mtundu. Nikasukuma. Sina nguvu ya kumsukuma nzi. Akadhani natetemeka kwa baridi, binti akaleta blanketi.

Basi nikaungama. Heri aibu ya chumbani kuliko ya hadharani. Nikalia kidogo, kwa mpango.

Kibano akanipangusa machozi. Akasema, "Mwalimu, mbona tunajua?" Eti mshipa ule hugawanyika karibu na goti, wangu hauna tawi hata moja, ila una fundo. Eti kila darasa jipya hupewa chupa litafute kosa. Hata picha ni kwa ajili hiyo, walio mbali nao watafute. Wanamwita Panya wa Fundi Cherehani.

Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa na adabu ya kuniambia. Binti alicheka hadi akaenda kumalizia uani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Kosa linalofundisha madarasa yote hayo si kosa, ni mbinu. Nimemwita Kibano nikamsomea lebo mpya: fundo hili lilitiwa makusudi na Mwalimu, ili wanafunzi wajifunze kutazama. Kisha akauliza, kwa upole uliozidi, na maungamo ya juzi je? Nikamjibu kwamba homa humfanya mtu aropoke.

Amekubali kuibandika. Mlangoni akageuka, akaniuliza kama kuna jingine lolote la kumwambia kuhusu panya yule, kabla ya picha. Nikamtazama machoni, nikasema hakuna.

Ubongo ni wa panya mwingine, wa kizimba cha pili. Wake niliukalia.